Samaki wangu wawili walikufa siku ya tatu: wiki sita za kuivisha tangi la bahari ndani ya fleti

Wa kwanza alikufa usiku. Wa pili nilimkuta asubuhi amelala ubavu juu ya mchanga, matamvua yakipanda na kushuka mbio mbio kama mtu aliyekimbia ngazi hadi orofa ya tano. Kufikia saa nne alikuwa ameenda pia.

Na maji yalikuwa safi! Ukisimama mbele ya tangi unaona hadi kioo cha nyuma. Taa ya buluu ilikuwa inawaka vile unaona kwenye video za TikTok, na kila mgeni aliyeingia kwa nyumba wikendi hiyo alipiga picha. Sasa nilikuwa na lita 100 za maji ya chumvi, mawe, mchanga na maiti mbili.

Kosa lenyewe sikulifanya siku hiyo. Nililifanya siku ya kwanza, nilipotia samaki kwenye maji mabichi.

Kama umeona tangi la matumbawe kwa hoteli au mtandaoni, na sasa unapiga hesabu ya kuweka moja kwa sebule yako Nairobi, Nakuru au Eldoret, soma hii kabla hujatumia mtu pesa. Mimi nilisoma baadaye.

Unajua zile ndizi zinazoivishwa kwa haraka ili zifike sokoni? Nje ni njano, ukimenya ndani bado ni ngumu na zina utomvu. Tangi jipya la maji ya chumvi liko hivyo. Usafi wa maji hauna maana yoyote. Kinachohitajika kuwa ndani hakionekani kwa macho, na hakiji siku ile unapowasha pampu.

Samaki akila, mwili wake hutoa amonia, na sehemu kubwa hutokea kwenye matamvua. Chakula kilichobaki kikioza, amonia zaidi. Baharini hilo si tatizo, kwa sababu maji ni mengi mno na kila jiwe lina bakteria wanaoila. Ndani ya boksi la kioo hakuna pa kwenda. Amonia inajikusanya, inachoma matamvua, na samaki anakosa pumzi akiwa ndani ya maji yaliyojaa hewa. Maji ya bahari yanaongeza ubaya mwingine. Kiwango chake cha pH ni karibu 8.2, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyogeuka kuwa ile yenye sumu. Amonia ambayo samaki wa maji baridi angeivumilia kwenye pH ya 7, hapa ina makali zaidi ya mara kumi.

Kuna kundi la bakteria wanaokula amonia na kutoa nitriti. Kundi jingine linakula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki anaweza kuishi nayo ikiwa kidogo. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyefanikiwa kuwatenga bakteria hawa mnamo 1890. Ndio ule mzunguko wa nitrojeni uliokariri sekondari ukasahau siku ya kufunga shule. Kuwapa bakteria hao muda wa kuzaana mpaka watoshe, kabla ya samaki yeyote kuingia, ndiko wenye tangi hizi wanakoita saikoli. Mimi napenda kusema kuivisha tangi. Huchukua wiki nne hadi sita, mara nyingine nane.

Bakteria wenyewe si wa haraka. Wale wanaochachusha uji wa wimbi huongezeka maradufu kwa muda mfupi sana, ndiyo maana unaloweka unga leo na kesho kutwa uji una ladha. Hawa wa nitriti wanaweza kuchukua siku nzima au zaidi kuongezeka maradufu. Huwezi kuwasukuma.

Kwa hivyo nilimwaga kila kitu nikaanza upya. Hebu nikuambie nilichofanya mara ya pili.

Maji kwanza, kwa sababu hapa ndipo wengi huumia bila kujua. Maji ya mfereji yana klorini, ambayo kazi yake ni kuua bakteria, na wewe ndio hao bakteria unatafuta. Ya visima vingi vya Nairobi yana floraidi nyingi. Unataka maji matupu kabisa. Habari njema ni kwamba yale maduka ya kujaza mitungi ya maji mtaani, mengi yao yanatumia mashine za RO, ambazo husukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana. Habari mbaya: baadhi hurudisha madini kidogo ili maji yawe na ladha. Nunua kile kimita kidogo cha TDS, ukitumbukize kwenye maji yao kabla ya kulipa. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri, jaza mitungi. Duka la kwanza nililojaribu lilisoma 48, la pili likasoma 3. Mwenye duka aliniuliza kama mimi ni wa kaunti.

Halafu chumvi. Swali ambalo kila mtu huniuliza: kwani chumvi ya jikoni iko na shida gani? Na ile ya Gongoni si imetoka baharini?

Imetoka baharini, ndio, lakini imeachwa iwe karibu kitu kimoja tu, sodiamu na klorini, kisha ikaongezwa madini ya joto kwa ajili ya afya yako. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na ndani yake kuna magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na vingine vingi kwa vipimo vidogo. Tumbawe linajenga mifupa yake kwa kalsiamu. Ukilipa chumvi ya chipo ni kama kumlisha mtoto sukari pekee. Kwa hivyo unanunua chumvi maalum ya matangi ya bahari, na kwa lita 100 utatumia kama kilo tatu na nusu hadi nne. Koroga kwenye ndoo au pipa safi, uache pampu ikizungusha usiku kucha, ndipo upime. Unalenga 35 kwa elfu, au 1.026 ukitumia kifaa cha uzito wa maji.

Kuna wasee hubeba maji ya bahari yenyewe kutoka Pwani kwa mitungi. Inawezekana, kama yamechotwa mbali na bandari, mito na mabomba ya majitaka. Lakini lita 100 ni zaidi ya kilo 100, na ndani yake kuna viumbe wadogo wasioonekana ambao hufa njiani na kuanza kuoza. Ukifika Nairobi umebeba supu.

Kabla hujajaza chochote, fikiria uzito huo. Tangi langu likiwa na mawe, mchanga, kioo na maji ni kama kilo 150. Meza ya TV haibebi hiyo. Na waya zote za stima ziache zining'inie chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji likiteremka lidondokee sakafuni, lisiingie kwa soketi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana kuliko maji ya kawaida.

Mawe ndiyo nyumba ya bakteria. Yanatakiwa yawe na vitundu vingi, na yawe ya chokaa. Hapa Kenya tuna bahati ambayo wenzetu wa Ulaya wanalipia ghali. Miamba ya Pwani ni matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu bahari ilipoteremka, na watu wameyachimba na kujengea kwa karne nyingi. Nenda Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, au magofu ya Gede, ukatazame ukuta kwa karibu, utaona mifupa ya matumbawe ndani ya jiwe. Vipande vya mawe hayo kutoka machimbo ya nchi kavu vinafaa. Visugue kwa brashi, vioshe, viloweke kwenye maji safi wiki kadhaa huku ukibadilisha maji mara kwa mara. Usiyachanganye na yale mawe ya Mazeras ya kupamba njia za magari. Yale ni ya mchanga ulioshikana, hayana faida hapa.

Usichukue jiwe wala tumbawe baharini, hata likiwa limetupwa ufuoni. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu au Kisite-Mpunguti haupaswi kuondoka hata na kombe. Na matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, maana yake hayavuki mpaka bila vibali. Ukiona mtu anakuuzia "mwamba hai" wa bei nafuu na hana karatasi yoyote, jua kuna mahali umevunjwa kwa nyundo.

Sasa joto. Rafiki yangu wa Mombasa ananicheka kwamba kwake shida ni kupoza maji. Mimi niko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na Julai usiku fleti inageuka friji. Tangi linahitaji nyuzi 25 au 26 mchana na usiku, kwa hivyo hita si ya anasa. Huu urefu wetu una mchezo mwingine ambao vitabu vya wazungu havitaji: kanieneo ya hewa Nairobi ni karibu asilimia 82 ya ile ya Pwani, kwa hivyo hata oksijeni inayoingia kwenye maji ni pungufu kwa kiasi hicho. Samaki ametoka Shimoni ukamleta mlimani. Elekeza pampu juu, uso wa maji uchemke chemke muda wote. Usifurahie maji yaliyotulia kama kioo.

Basi, tangi likiwa na maji, chumvi, joto na mawe, lakini halina kiumbe hata mmoja, ndipo kuivisha kunaanza. Bakteria hawawezi kuja bila chakula, na chakula chao ni ile ile amonia iliyowaua samaki wangu.

Mara ya pili nilianza na njia ya kishamba ambayo inafanya kazi: nilinunua kamba mmoja mbichi, nikamtumbukiza na kumwacha aoze. Siku ya nne fleti nzima ilikuwa imebadilika. Siku ya sita mzee anayetunza ploti yetu alibisha hodi.

"Kijana, kwani kuna panya amekufia huku kwako?"

"La, mzee, ni kamba. Ni mambo ya samaki."

"Na huyo kamba humli kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimtoa kamba na kuhamia kloridi ya amonia, unga mweupe unaopatikana maduka ya kemikali za maabara. Kwa lita 100, gramu 0.6 hivi inakupa karibu miligramu 2 za amonia kwa kila lita, ambayo inatosha. Haina harufu ya kukusumbua, na unajua hasa umeweka kiasi gani. Kama mna watoto kwa nyumba, ifungie juu.

Nilimwaga pia chupa ya bakteria wanaouzwa tayari. Maoni yangu? Zinaweza kusaidia, lakini hao ni viumbe hai. Chupa iliyopikwa na jua ndani ya gari ni maji ya bei ghali. Inunue kama nyongeza, halafu uendelee kupima kana kwamba hukuinunua.

Taa nilizima. Kwa wiki hizo zote hakuna kinachohitaji mwanga, isipokuwa mwani, na mwani hutaki.

Vipimo ni vile vya matone: unachota maji kwenye kichupa, unadondosha dawa, unalinganisha rangi na kadi. Kwa siku nane za mwanzo amonia ilibaki kijani kibichi pale pale kwenye 2. Nitriti sifuri. Kila jioni natoka kazini, napima, nada. Unaanza kudhani vipimo vimeharibika. Siku ya tisa nitriti ikabadilika kutoka buluu hadi zambarau hafifu, na niliruka kama Gor wamefunga bao. Maana yake kundi la kwanza lilikuwa limeanza kula.

Kufikia mwisho wa wiki ya tatu, amonia niliyoongeza ilikuwa inaisha ndani ya siku mbili, lakini nitriti ilikuwa zambarau ya kutisha, juu kabisa ya kadi. Ikakaa hapo. Na ikakaa. Kundi la pili ni wavivu kuliko la kwanza, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Wengine husema, kwa ukweli kabisa, kwamba nitriti haiumizi sana samaki wa maji ya chumvi kwa sababu kloridi iliyomo huizuia kuingia mwilini. Ni kweli. Lakini nitriti iliyojaa inakuambia kwamba kazi haijaisha, na mimi nilikuwa nimeshawahi kukimbilia mwisho.

Wakati huo huo simu haikunipa amani. Aliyeniuzia wale wawili wa kwanza alikuwa ananitumia picha kwa WhatsApp. "Bro, niko na pair kali, zinaenda leo." Sikujibu. Tusimlaumu peke yake. Siku ya kwanza aliniuliza kama tangi liko tayari, na mimi nikasema ndio kwa sababu maji yalikuwa safi.

Wiki ya nne stima ilipotea saa tano usiku na kurudi alfajiri. Ndani hakukuwa na samaki, lakini bakteria hawa nao wanapumua oksijeni. Pampu ikizima, maji ndani ya kichujio yanaanza kukosa hewa. Nilisoma mahali kuhusu mama mmoja wa London, Anna Thynne, ambaye miaka ya 1840 alileta matumbawe kutoka pwani ya Torquay hadi mjini wakati ambapo pampu za nyumbani hazikuwepo. Alimwambia mfanyakazi wake wa ndani awe anamimina maji ya bahari kutoka chombo hadi chombo karibu na dirisha lililo wazi, kwa dakika nyingi kila siku, ili yapate hewa. Viumbe wake waliishi. Basi na mimi usiku huo, tochi ya simu mdomoni, jagi mkononi: nachota, namimina kutoka juu, nachota, namimina. Kila nusu saa. Kufikia wiki iliyofuata nilikuwa nimenunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, na nakushauri uinunue kabla ya taa ya kifahari.

Siku ya 31 zambarau ilianza kupauka. Siku ya 36 nilifanya mtihani wa mwisho: nikaweka amonia ya kipimo kile kile cha 2, nikasubiri saa 24, nikapima. Amonia sifuri. Nitriti sifuri. Nitrati ilikuwa imefika rangi ya chungwa iliyokolea, ushahidi kwamba yote niliyowalisha wiki tano yamepita mikono yote miwili. Nilitoa nusu ya maji, nikaweka mapya yaliyochanganywa jana yake ili nitrati ishuke. Tangi likawa limeiva.

Usidhani sasa linapendeza. Nilipowasha taa, ndani ya wiki moja kila kitu kiligeuka kahawia, kama mtu amemwaga kakao juu ya mchanga. Hao ni diatomu, viumbe wadogo wanaokula silika iliyo kwenye mawe na mchanga mpya. Baada yao ukaja mwani wa kijani, nywele nywele hivi. Watu wengi wakifika hapa hukimbilia dawa. Achana nazo. Konokono wanne walifanya kazi hiyo kwa chakula na malazi tu, na mimi nikapunguza saa za taa.

Ndipo nikampigia yule jamaa wa samaki.

Wale wa sinema ya Nemo, Amphiprion ocellaris, hawapatikani kwenye bahari yetu. Wa huku kwetu ni jamaa zao, mmojawapo Amphiprion allardi, mwenye mikanda miwili myeupe na mkia mweupe. Wote huzaliwa wakiwa madume. Kwenye kikundi, mkubwa kuliko wote hugeuka jike, na akifa, dume lake hugeuka kuwa jike na kuchukua nafasi. Kwa hivyo sinema ingesema ukweli, baba Nemo angekuwa mama Nemo mapema sana. Niliagiza wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, ili wasipigane juu ya nani ni bosi. Kangaja wa buluu nilimtamani pia, mrembo kupita kiasi, lakini huyo hukua hadi zaidi ya sentimita 20 na anaogelea kutwa nzima. Kwenye lita 100 ni sawa na kumweka mtu mzima ndani ya matatu maisha yake yote.

Huwa nafikiria safari yao. Samaki wa mapambo wa Kenya hukamatwa na wapiga mbizi wa huku Pwani, Shimoni, Mtwapa, Kilifi na kwingineko, mmoja mmoja, kwa vyavu vidogo vya mkono. Wengi wao husafirishwa hadi Ulaya, Marekani na Asia. Mtu ameshuka chini ya mwamba, amemzungushia wavu taratibu asimng'oe magamba, amempandisha, amemtunza kwenye beseni. Samaki akawekwa kwenye mfuko wenye oksijeni, akasafiri usiku kucha hadi kwangu. Halafu mimi nikamuua kwa siku tatu kwa sababu sikutaka kungoja. Na ningefanya nini kesho yake? Ningeagiza mwingine, na mpiga mbizi angerudi kwenye mwamba ule ule. Mwamba wenyewe una shida zake. Joto la El Niño la 1998 liliyapausha matumbawe ya Kenya na mengi yakafa, na hali hiyo imerudi tena tangu hapo.

Wawili wapya walifika Jumamosi. Nilielezea mfuko juu ya maji ili joto lilingane, kisha nikawadondoshea maji ya tangi kupitia mpira mwembamba, tone kwa tone kwa muda wa saa moja hivi. Maji ya mfuko sikuyamwaga ndani. Nilizima taa, nikakaa sakafuni. Siku ya tatu niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikawasha tochi. Walikuwa wamelala kwenye kona, karibu na pampu, mmoja juu ya mwingine. Wote wanapumua.

Matumbawe bado sijaweka. Nitaanza na yale laini, baada ya mwezi wa tatu au wa nne, nione vipimo vimetulia. Na kama utayapata kabla yangu, jambo moja usilisahau: baadhi ya yale ya vikundi vya vifungo vya rangi, zoanthidi, yana sumu inayoitwa palitoksini, kati ya sumu kali zinazojulikana. Vaa glavu na miwani unapoyashika, usiyasugue, na kamwe usichemshe jiwe lenye viumbe hivyo. Kuna watu duniani waliolazwa hospitalini, familia nzima, kwa kuvuta mvuke wa jiwe lililotoka kwenye tangi.

Mzee wa ploti alipanda tena juzi. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, mikono nyuma.

"Hawa unawala lini?"

"Hawa hatuli, mzee."

Akacheka, akaniuliza wanakula nini, nikampa chembe mbili za chakula aweke mwenyewe. Yule mkubwa akazichukua zote.

Leo asubuhi nimepima kabla ya kwenda kazini. Amonia sifuri, nitriti sifuri. Chumvi imepanda kidogo hadi 1.027, kwa sababu maji hukauka na chumvi hubaki. Kosa la wengi hapa ni kuongeza maji ya chumvi. Nimeongeza lita moja na nusu ya yale matupu ya dukani, polepole, nikatoka.